Jua Moja, Siku Mbili

Jioni moja darasani tulikuwa tunajifunza kusoma kalenda. Tuliandika ubaoni majina ya siku saba za juma. Mzee mmoja, mvuvi, akanyosha mkono akaniuliza: "Mwalimu, hii Jumatatu tuliyo nayo leo ni Jumatatu ya dunia nzima, au ni ya kwetu tu?"

Wanakisomo wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Swali lile lilikuwa zuri kuliko somo langu la siku ile. Nilimwambia, "Mzee wangu, nitakujibu kwa maandishi, ili na wenzako wapate kusoma."

Makala haya ndiyo jibu lake. Kwanza nitaeleza habari za visiwa vilivyo mbali sana na sisi, ambavyo jirani na jirani hawana siku moja. Kisha nitatoa maoni yangu. Wewe soma, upime, kisha ukubali au ukatae.

Ndugu wawili, nchi mbili

Bahari ya Pasifiki ndiyo bahari kubwa kuliko zote duniani. Ndani ya bahari hiyo, kusini ya Ikweta, kuna visiwa vya Samoa. Watu wake huitwa Wasamoa. Lugha yao ni moja. Mababu zao ni wamoja. Lakini leo Wasamoa wako chini ya serikali mbili.

Upande wa magharibi kuna nchi huru ya Samoa. Visiwa vyake vikubwa ni viwili: Upolu na Savai'i. Mji wake mkuu ni Apia, nao uko Upolu. Nchi hiyo ina watu zaidi ya 200,000.

Upande wa mashariki kuna Samoa ya Marekani. Kisiwa chake kikubwa ni Tutuila, na bandari yake ni Pago Pago. Huko kuna watu karibu 50,000. Toka Apia mpaka Pago Pago ni kilomita kama 125. Ndege ndogo huvuka kwa muda usiofika saa moja.

Je, nani aliwagawa? Mwaka 1899 mataifa makubwa matatu, yaani Ujerumani, Marekani na Uingereza, yalifanya mkataba. Ujerumani ikapewa visiwa vya magharibi. Marekani ikapewa vya mashariki. Uingereza ikajitoa ikapata faida mahali pengine. Wasamoa wenyewe hawakutia sahihi mkataba ule. Sisi wa Afrika tunaijua sana habari ya namna hiyo.

Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, askari wa Nyuzilandi waliichukua Samoa ya magharibi kutoka kwa Wajerumani. Nyuzilandi ikaitawala kwa miaka mingi. Tarehe 1 Januari 1962 Samoa ya magharibi ilipata uhuru wake. Hiyo ilikuwa siku 23 tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Samoa ya mashariki imebaki chini ya Marekani mpaka leo.

Maisha yao

Ukienda katika kijiji cha Upolu na kisha katika kijiji cha Tutuila, utaona mambo mengi yanayofanana. Kila ukoo una mkuu wake anayeitwa matai. Matai huchaguliwa na ukoo. Yeye huangalia ardhi ya ukoo na husema kwa niaba ya watu wake katika baraza la kijiji. Sehemu kubwa ya ardhi haiuzwi, kwa sababu ni mali ya ukoo. Watu hupanda magimbi, ndizi na minazi. Huvua samaki. Hupika chakula kwa mawe yaliyotiwa moto, wakayafunika kwa majani.

Kuna mikeka mizuri sana inayosukwa na akina mama wa Samoa. Mkeka mmoja huweza kuchukua miezi mingi kusukwa. Hautumiki kulalia. Hutolewa kwenye arusi, kwenye mazishi, na wakati mtu anapopewa cheo cha matai. Ukoo unapopata shughuli, ndugu wa pande zote mbili huvuka bahari na mikeka yao.

Tena, jua linapokaribia kuzama, katika vijiji vingi hupigwa kengele au hupulizwa gunda la kombe. Wakati huo huitwa sa. Kila mtu huingia nyumbani kwake, watoto hutulia, na familia husali pamoja. Njiani hapapiti mtu mpaka kengele ipigwe tena. Hiyo ndiyo saa ya kijiji. Haikutengenezwa kiwandani. Watu wote huijua, msomi na asiyesoma.

Lakini kuna tofauti pia. Samoa huru hutumia fedha yake iitwayo tala. Wana wake wengi hufanya kazi Nyuzilandi na Australia, na huleta fedha nyumbani kusaidia wazazi. Bidhaa nyingi za dukani hutoka huko. Samoa ya Marekani hutumia dola ya Marekani. Watu wake wengi ni wafanyakazi wa serikali, na wengine hufanya kazi katika kiwanda cha kutia jodari ndani ya makopo. Makopo hayo huuzwa Marekani. Wengi wa wafanyakazi wa kiwanda wametoka Samoa huru kutafuta riziki.

Basi ndugu mmoja anatazama Nyuzilandi na Australia. Ndugu wa pili anatazama Marekani. Shikeni neno hilo, kwa sababu ndilo lililoleta mambo ya saa.

Jinsi siku zinavyopishana

Chukua chungwa na koroboi. Washa koroboi mahali penye giza. Shika chungwa mbele yake. Upande unaotazama koroboi una mwanga, na huo ndio mchana. Upande wa nyuma una giza, na huo ndio usiku. Sasa lizungushe chungwa polepole. Utaona kwamba mchana unahama kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Dunia yetu huzunguka hivyo hivyo, na mzunguko mmoja huchukua saa 24.

Kwa hiyo watu wote duniani hawawezi kuwa na asubuhi kwa wakati mmoja. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana mjini Washington, Marekani. Walikubaliana kwamba mahali pa kuanzia kuhesabu pawe Greenwich, London. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya saa ya Greenwich kwa saa tatu. Samoa huru iko mbele kwa saa 13. Samoa ya Marekani iko nyuma kwa saa 11. Jumlisha 13 na 11, utapata 24. Hizo ni siku moja kamili.

Tuseme wewe uko nyumbani kwako, ni Jumapili saa mbili usiku, umemaliza kula. Wakati huo huo kule Apia ni saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatatu. Watu wanaamka kwenda kazini. Kule Pago Pago nako ni saa kumi na mbili asubuhi, lakini siku yao ni Jumapili. Watu wanatayarisha nguo nyeupe za kwenda kanisani.

Saa zao za ukutani zinaonyesha saa ile ile. Jogoo wao wanawika wakati ule ule. Kalenda zao ndizo zinazopishana. Ukipanda ndege Apia Jumatatu asubuhi, utashuka Pago Pago Jumapili asubuhi. Mtu anaweza kusherehekea siku yake ya kuzaliwa mara mbili kwa mwaka mmoja.

Na liko jambo la kushangaza zaidi. Tutuila iko mashariki ya Upolu, kwa hiyo jua huchomoza Tutuila kwanza. Dakika kama nne baadaye huchomoza Apia. Yaani kisiwa kinachotangulia kuona jua ndicho kinachochelewa siku nzima kwa kalenda! Jua halihusiki na jambo hilo. Ni mpango wa binadamu.

Mpango huo huitwa mstari wa tarehe. Ni mstari uliochorwa kwenye ramani ya Bahari ya Pasifiki. Upande mmoja wa mstari ni leo, upande wa pili ni jana. Ukipita na mashua huwezi kuuona, wala hakuna askari anayeulinda. Kila nchi ya huko hujichagulia upande wa kukaa.

Kwa nini watu waliuhitaji mstari huo? Mabaharia waliona shida zamani. Mwaka 1522 meli ya Kihispania ilikuwa inamaliza safari ya kwanza ya kuzunguka dunia. Ilifika visiwa vya Cape Verde, magharibi ya Afrika. Daftari la meli lilisema siku ile ni Jumatano. Watu wa nchi kavu wakasema ni Alhamisi. Mabaharia walikuwa wameandika kila siku bila kukosa. Lakini walisafiri kuelekea magharibi, wakilifuata jua, na kila siku yao ilikuwa ndefu kidogo kuliko ya watu waliokaa nyumbani. Vipande vile vidogo vikajumlika vikawa siku nzima. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake.

Siku iliyorudiwa na siku iliyofutwa

Wasamoa wamebadilisha siku zao mara mbili. Hapa ndipo yanapoanzia maoni yangu.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1892. Kabla ya hapo Wasamoa walihesabu siku pamoja na watu wa Australia. Wafanyabiashara wa Kimarekani waliona hesabu hiyo inawasumbua, kwa kuwa biashara yao ilikuwa na California. Wakamshawishi mfalme wa wakati huo, Malietoa Laupepa. Akakubali. Basi Samoa nzima ikahesabu tarehe 4 Julai mara mbili. Tarehe 4 Julai ni sikukuu ya uhuru wa Marekani. Siku ya watu wa Samoa iliongezwa kwa ajili ya biashara ya wageni, na sikukuu iliyorudiwa ilikuwa ya wageni.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2011. Wakati huo Samoa ilikuwa nchi huru kwa karibu miaka 50. Biashara yake kubwa ilikuwa na Nyuzilandi na Australia, lakini kalenda yake bado ilikuwa ile ya mwaka 1892. Samoa ikiwa Ijumaa, kazini, Nyuzilandi ilikuwa Jumamosi na ofisi zimefungwa. Samoa ikiwa Jumapili, kanisani, Nyuzilandi ilikuwa Jumatatu na watu wako kazini. Kwa hiyo katika siku tano za kazi za juma, siku nne tu ndizo zilizokutana.

Waziri Mkuu wa wakati huo, Tuilaepa Sailele Malielegaoi, alitangaza mpango wa kuhama mwezi wa Mei mwaka 2011. Bunge lao likatunga sheria. Usiku wa manane, mwisho wa Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011, kengele za makanisa zililia. Watu walikusanyika mjini Apia kwenye mnara wa saa. Baada ya hapo haikuja Ijumaa. Ilikuja Jumamosi, tarehe 31 Desemba. Tarehe 30 Desemba 2011 haikuwapo Samoa. Visiwa jirani vya Tokelau, vilivyo chini ya Nyuzilandi, vilifanya hivyo hivyo.

Je, mfanyakazi aliyekuwa afanye kazi Ijumaa ile alipoteza mshahara wake? Hapana. Sheria iliwataka waajiri wawalipe wafanyakazi ile siku ambayo haikuwapo.

Samoa ya Marekani haikuhama. Ilibaki upande wa Marekani, ambako iko serikali yake kuu na ndiko unakouzwa samaki wake. Hivyo tangu usiku ule ndugu wawili wanaona jua moja, lakini wana siku mbili.

Maoni yangu

Wako watu wanaosema Samoa huru ilifanya upuuzi, kwa sababu siku haichezewi. Wako wengine wanaosema Samoa ya Marekani ndiyo iliyokosea, kwamba ingemfuata ndugu yake. Mimi sikubaliani na hao wala hawa.

Naona kila kisiwa kilichagua kwa kutazama mahali kinapopata riziki. Mkulima wa Upolu anayeuza mazao Nyuzilandi anahitaji mnunuzi wake awe macho na awe kazini. Mfanyakazi wa Pago Pago anahitaji ofisi zake zifunguliwe siku moja na ofisi za Marekani. Kalenda ni kama jembe. Mpini wa jembe huchongwa kwa kipimo cha mkono wa mlimaji. Haifai mtu mmoja kumcheka mwenziwe kwa sababu ya mpini wake.

Lakini jambo kubwa kwangu si upande gani umechaguliwa. Jambo kubwa ni hili: nani amechagua, na kwa faida ya nani?

Mwaka 1892 siku ilibadilishwa kwa kuwa wafanyabiashara wa nje walitaka. Mwaka 2011 siku ilibadilishwa na serikali iliyochaguliwa na wananchi. Watu waliambiwa miezi kadhaa mbele. Mshahara wa mfanyakazi ulilindwa kwa sheria. Matendo mawili haya yanafanana kwa nje, lakini ndani ni mbali mbali. Kwa hiyo naona uamuzi wa mwaka 2011 ulikuwa wa haki kuliko ule wa kwanza.

Sisemi kwamba haukuwa na gharama. Gharama ilikuwapo. Ndugu aliyeko Tutuila anapoambiwa, "Mazishi ni Jumamosi," lazima aulize, "Jumamosi ya kwenu au ya kwetu?" Akikosea, atafika na mkeka wake kaburi likiwa limekwisha fukiwa. Waadventista Wasabato wa Samoa nao walipata mtihani. Wao huabudu siku ya saba. Sasa siku ya saba ni ipi, ikiwa moja imerukwa? Kanisa lao huko liliamua kufuata mfululizo wa siku kama ulivyokuwa, kwa hiyo ibada yao ikaangukia siku ambayo sasa huitwa Jumapili. Baadhi ya waumini hawakukubali. Mpaka ndani ya kanisa moja watu waligawanyika.

Tukumbuke pia tarehe 29 Septemba 2009. Asubuhi ile tetemeko la ardhi lilitokea chini ya bahari, na mawimbi makubwa ya tsunami yakapiga Samoa zote mbili na Tonga. Watu zaidi ya 180 walikufa. Wakati ule visiwa vyote viwili vya Samoa vilikuwa na tarehe moja. Wimbi lile lile likipiga leo, Mungu apishe mbali, wafu wa Upolu wataandikiwa tarehe moja na wafu wa Tutuila tarehe nyingine. Lakini msiba utakuwa mmoja, na vilio vitakuwa vya wakati mmoja. Kwa hiyo kalenda inaweza kugawa siku, lakini isigawe undugu.

Na sisi je?

Pengine unasema, "Mwalimu, Samoa ni mbali. Mimi inanihusu nini?"

Inakuhusu sana. Sisi pia tuna hesabu yetu ya saa. Kwetu saa moja ni mwanzo wa mchana, jua likiwa limeshatoka. Saa sita jua liko kichwani. Saa kumi na mbili jua linazama. Hesabu hii inatufaa, kwa sababu tunaishi karibu na Ikweta. Kwetu mchana na usiku karibu ni sawa mwaka mzima. Tena wazee wetu wa pwani huanza siku jua linapozama. Wakisema usiku wa Ijumaa, wana maana ya usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Ofisi za serikali huanza siku usiku wa manane. Hizo zote ni hesabu za watu, na kila moja ina maana yake.

Shida huja pale hesabu moja inapotumika bila ya mwingine kuambiwa. Nitatoa mfano niliouona kwa macho yangu.

Katika moja ya vijiji nilivyofanyia kazi, mama mmoja alikuwa mwanafunzi hodari wa kisomo. Alianza hajui hata kushika kalamu. Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa anasoma mwenyewe. Siku moja alipewa kadi ya kumrudisha mtoto wake kwa daktari aliyekuwa anakuja mara moja tu kwa mwezi. Kadi iliandikwa tarehe, na mbele yake 8:00. Mama alifurahi sana. Hakumwuliza mtu. Alisoma mwenyewe: saa nane.

Siku ilipofika alifanya kazi ya shamba asubuhi. Kisha alimwosha mtoto, akatembea kwa miguu, akafika saa nane kasorobo mchana. Daktari alikuwa ameondoka. Mhudumu alimwambia, "Mama, umechelewa kwa saa sita. Kwani hujui kusoma?"

Mama yule alirudi nyumbani na mtoto wake mgonjwa. Akanijia jioni, hakuingia darasani, akasimama mlangoni. Akaniambia, "Bora nilipokuwa sijui kusoma. Ningeuliza."

Ndugu msomaji, neno lile limekaa moyoni mwangu mpaka leo. Mama yule alijua kusoma. Alisoma sawasawa kile kilichoandikwa. Aliyeandika 8:00 alikuwa na maana ya saa mbili asubuhi, kwa hesabu ya wazungu. Aliyesoma 8:00 alisoma saa nane, kwa hesabu ya nyumbani kwake. Kati yao ulipita mstari wasiouona, kama ule ulio kati ya Upolu na Tutuila. Na gharama yote ililipwa na mama na mtoto.

Nakiri kwamba na mimi nilikuwa na kosa. Nilimfundisha kusoma tarakimu, lakini sikumfundisha kwamba tarakimu hizo zina hesabu mbili. Tangu siku ile nafundisha zote mbili.

Tufanye nini?

Wako wanaosema dawa ni kuiacha saa ya Kiswahili kabisa. Nakataa. Saa yetu si ushamba. Imefungwa katika jua la kwetu, katika kazi zetu na katika lugha yetu. Wasamoa hawakuacha sa yao ya jioni walipopata simu na ndege. Na sisi tusiache yetu.

Wako wengine wanaosema hatuna haja ya kujifunza hesabu ya ofisini. Hao nao nakataa maneno yao. Simu yako ya mkononi huonyesha hesabu hiyo. Tiketi ya basi huweza kuandikwa kwa hesabu hiyo. Usipoijua, basi litakuacha, na nauli hairudi.

Basi tujifunze zote mbili. Kanuni yake ni rahisi. Iandike katika daftari lako:

Ukiona saa kuanzia 7:00 asubuhi mpaka 18:00, toa sita. Kwa mfano, 8:00 asubuhi ni saa mbili asubuhi, na 14:00 ni saa nane mchana.

Ukiona saa kuanzia 19:00 mpaka 24:00, toa kumi na nane. Kwa mfano, 20:00 ni saa mbili usiku.

Ukiona saa kuanzia 1:00 ya usiku mpaka 6:00 alfajiri, ongeza sita. Kwa mfano, 4:00 ni saa kumi za alfajiri.

Kama karatasi haisemi asubuhi, mchana au usiku, usione haya. Uliza. Kuuliza si ujinga. Kuuliza ni tabia ya msomaji mzuri.

Na kwenu ninyi mnaofanya kazi katika ofisi, zahanati, shule na vituo vya basi, nina ombi moja. Mnapomwandikia mwananchi, andikeni kwa maneno: "saa mbili asubuhi." Ni maneno matatu tu. Wino wake ni kidogo, lakini yanaweza kuokoa safari ya mama na afya ya mtoto. Na mnapopanga saa ya mkutano au ya zahanati, waulizeni kwanza watu watakaokuja. Samoa iliwaambia watu wake miezi kadhaa mbele kabla ya kufuta siku moja. Je, sisi tutashindwa kumweleza mtu mmoja saa moja?

Sasa nimjibu mzee wangu mvuvi. Mzee, Jumatatu yako si ya dunia nzima. Saa hii hii, mahali pengine ni Jumapili au ni Jumanne. Jua ni la Mungu, halimsubiri mtu. Lakini saa na tarehe ni makubaliano ya watu. Na makubaliano mazuri ni yale ambayo kila mhusika ameambiwa, ameelewa, na faida yake imefikiriwa.

Mama yule alirudi darasani. Mwezi uliofuata alikwenda na kadi mpya. Juu yake, kwa kalamu yake mwenyewe, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: SAA MBILI ASUBUHI. Alifika mapema, akawa wa pili kwenye mstari.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Apia na Pago Pago zina saa moja lakini siku mbili?

2. Mabadiliko ya mwaka 1892 na ya mwaka 2011 yalitofautiana vipi? Wewe unaonaje?

3. Kama ungekuwa mtu wa Tutuila, ungetaka kisiwa chako kihame au kibaki? Toa sababu.

4. Tiketi ya basi imeandikwa 6:00 asubuhi. Utafika kituoni saa ngapi kwa hesabu yetu?

5. Katika kijiji chenu, nani hupanga saa ya mikutano? Je, saa hiyo inawafaa akina mama, wakulima na wavuvi?